Je, Mtoto Wangu ni Mwerevu Kuliko Wenzake?

Kama uko jikoni unaosha vyombo, kama umekaa dukani Rongo ukingoja wateja, au unaanika omena kule Sori, sogeza redio karibu kidogo. Leo tunajibu swali ambalo limetufikia mara nyingi kuliko lingine lolote tangu tuanze mazungumzo haya.

Swali lenyewe huja kwa sura mbalimbali. Baba mmoja wa bodaboda kutoka Awendo anasema binti yake ana miaka miwili na miezi mitatu, na anahesabu moja hadi ishirini kwa Kiingereza bila kukosea. Nyanya mmoja wa Mbita anasema mjukuu wake alitembea akiwa na miezi tisa. Mama wa Oyugis anasema mwanawe anaimba herufi zote, na anauliza kama ampeleke shule sasa hivi kabla akili haijalala. Wote wanataka kujua jambo moja: je, mtoto huyu ni wa kawaida, au ametangulia wenzake?

Swali ni zuri. Mzazi anayeuliza hivyo ni mzazi anayemtazama mtoto wake, na mtoto anayetazamwa ameanza vizuri. Lakini mambo tunayopenda kuyasifu mara nyingi siyo yanayotuambia mengi, na yale yanayotuambia mengi hatuyatazami. Naomba tuende polepole.

Umri ni upi hasa?

Kabla ya kusema mtoto ametangulia au amechelewa, toa kijitabu cha kliniki utazame tarehe ya kuzaliwa. "Alizaliwa wakati wa kupalilia mahindi" haitoshi. Kwa mtu mzima miezi mitatu si kitu, lakini kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu miezi mitatu ni safari ndefu. Ukimlinganisha na mtoto wa jirani, uliza tarehe ya huyo pia. Kama wako alizaliwa kabla ya siku zake, tuseme miezi miwili mapema, basi ondoa hiyo miezi miwili katika hesabu ya umri wake mpaka afikishe miaka miwili.

Kuna jambo jingine la umri ambalo hunisumbua sana. Wako watoto wengi kwetu ambao ni wafupi kuliko umri wao, kwa sababu ya chakula cha aina moja kila siku, malaria ya mara kwa mara, na kuhara kusikokwisha. Mtoto aliyedumaa akiwa na miaka miwili na nusu huonekana kama wa mwaka mmoja na nusu. Mgeni anamsikia akisema, "Mama, nataka maji," anashangaa, "Kadogo haka kanaongea hivi!" Watu wote wanacheka na kupongeza. Kumbe mtoto anaongea sawasawa na umri wake, ila mwili ndio umebaki nyuma, na hizo pongezi zinatufanya tusione. Kinyume chake kipo pia. Mtoto mkubwa wa mwili, mwenye mwaka mmoja na nusu lakini anaonekana wa mitatu, huitwa mjinga bure. Mtoto huyo ametimiza yake yote.

Kutembea mapema

Sasa nimjibu nyanya wa Mbita. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya utafiti uliowafuatilia watoto wenye afya njema katika nchi tano, yaani Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Iligunduliwa kwamba watoto wazima huanza kutembea peke yao wakati wowote kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu. Kukaa bila kushikiliwa ni kati ya karibu miezi 4 na miezi 9. Na watoto wapatao 4 kati ya 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja. Waliruka hatua hiyo wakatembea, na hawakuwa na tatizo lolote.

Kwa hiyo miezi tisa ni mapema, lakini iko ndani ya kawaida. Je, ni dalili ya akili? Hapa kuna hadithi ya kweli inayotuhusu sisi wenyewe. Katika miaka ya 1950 daktari mmoja Mfaransa, Marcelle Geber, aliwapima watoto wachanga huko Kampala, akatangaza kwamba wametangulia watoto wa Ulaya katika kukaa na kusimama. Watu wakaanza kusema mtoto wa Kiafrika huzaliwa akiwa mbele. Baadaye mtafiti Charles Super alikaa na majirani zetu Wakipsigis katika kijiji alichokiita Kokwet, na mwaka 1976 akaandika alichokiona. Ni kweli watoto walikaa na kutembea mapema, karibu mwezi mmoja kabla ya wale wa Marekani. Lakini mama zao walikuwa wanawafundisha. Walimchimbia mtoto kishimo, wakamweka ndani na blanketi pembeni ajifunze kukaa. Walimshika mikono wakamtembeza kila siku. Katika mambo ambayo hakuna aliyewafundisha, watoto hao hao hawakutangulia.

Umeelewa, nyanya? Sisi nasi humweka mtoto katika beseni na leso ikamzunguka, humrusharusha miguuni, humwita "njoo, njoo" mpaka apige hatua. Mjukuu wako ana miguu yenye nguvu na ana nyanya mwenye bidii. Hilo ni jema. Lakini halituambii kama atakuwa wa kwanza darasani, na yule wa jirani aliyetembea na miezi kumi na tano hajapoteza kitu chochote.

Kuongea

Kwenye kuongea ndiko wazazi wengi hushikwa na wasiwasi au majivuno. Nitaeleza yale ambayo watoto wengi hufanya. Wengi husema neno moja au mawili yenye maana wakikaribia mwaka mmoja. Wakifika miezi 18 huwa wanajaribu maneno matatu au zaidi mbali na "mama" na "baba". Wakifika miaka miwili huunganisha maneno mawili: "mama njoo", "adwaro pi". Wakifika miaka miwili na nusu huwa na maneno kama hamsini. Hizi ni alama ambazo watoto 3 kati ya 4 huwa wamezifikia katika umri huo. Maana yake ni kwamba mtoto 1 kati ya 4 atakuwa bado, na wengi wa hao watafika. Kwa upande wa juu, wapo watoto wa miaka miwili wenye maneno mia tatu na zaidi. Wa hamsini na wa mia tatu wanaweza kuwa wazima wote, katika boma moja, tumbo moja.

Lakini unahesabuje maneno? Hapa Migori mtoto mmoja anaweza kuwa anasikia Dholuo kwa mama, Kiswahili kwa jirani mpangaji, Kikuria kwa yaya kutoka Kehancha, na Kiingereza kwa kaka anayefanya kazi ya shule. Ukihesabu Kiswahili peke yake utasema amechelewa. Hesabu lugha zote pamoja. Kama anasema "pi" kwako na "maji" kwa jirani, hayo ni maneno mawili, tena amejua nani aambiwe lipi, jambo ambalo si dogo. Hesabu pia neno lililovunjika, kama "ba" ikiwa kila mara maana yake ni mpira. Hata "hau hau" kwa mbwa ni neno. Kusikia lugha mbili au tatu hakumchelewi mtoto wala hakumchanganyi akili, kwa hiyo usimkataze dani kuongea Dholuo eti mtoto apate Kiingereza.

Na usimpime mbele ya mgeni. Mwaka 1969 mtafiti Ben Blount aliandika kazi yake ya chuo kikuu juu ya jinsi watoto wa Waluo wanavyojifunza kuongea. Mzazi yeyote wa hapa angeweza kumwonya mapema kuhusu ugumu wa kazi hiyo: mtoto mdogo akiona mtu mzima mgeni amekaa kwenye kiti, hunyamaza. Amefundishwa hivyo. Mimi mwenyewe nimemwona mtoto kliniki akiwa bubu kabisa, halafu nikamsikia nje chini ya mwembe akimgombeza dada yake kwa sentensi nzima nzima. Ndiyo maana ninapotaka kujua mtoto anaongea vipi, simuulizi mtoto. Namuuliza yule anayembeba mchana kutwa. Mara nyingi huyo si mama, ni japidi, dada yake wa miaka minane au tisa, na huyo japidi anajua yote.

Kuongea kuna ndugu yake ambaye hatumsifu, naye ni kuelewa. Kuelewa hutangulia kuongea, na hutuambia mengi zaidi. Mwambie mtoto wa mwaka mmoja na nusu, bila kunyosha kidole na bila kutazama upande wa kitu, "Lete kiatu." Akikileta, ameelewa. Mtoto wa miaka miwili na nusu mwambie mambo mawili kwa pamoja: "Chukua kikombe, umpelekee dani." Akienda mpaka kwa dani na kikombe mkononi, hata kama maneno yake ni machache, mimi sina wasiwasi naye mkubwa.

Kuhesabu na kuimba herufi

Sasa baba wa Awendo, usinikasirikie. Binti yako anayehesabu hadi ishirini ana kumbukumbu nzuri na ana mtu anayemwimbia. Lakini kuimba namba ni wimbo. Ni kama mtoto anayeimba wimbo wote wa kanisani bila kujua maana ya neno hata moja.

Jaribu hivi leo jioni. Weka vijiko vitano juu ya mkeka. Mwambie, "Nipe kijiko kimoja." Halafu virudishe, umwambie, "Nipe viwili." Halafu vitatu. Tumia vijiko, usitumie maharagwe wala punje za mahindi, kwa maana nimetoa maharagwe mengi sana puani mwa watoto na sitaki mengine. Mtafiti wa Marekani Karen Wynn alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba watoto wengi wanaojua kutaja namba nyingi wakiombwa vitu vitatu huteka tu gao zima. Mtoto hujua "moja" kwanza, akikaribia miaka miwili na nusu au mitatu. "Mbili" huja miezi kadhaa baadaye, kisha "tatu". Wengi huelewa hasa maana ya kuhesabu wakiwa na miaka mitatu na nusu hadi minne. Kwa hiyo binti wa miaka miwili na miezi mitatu akikupa viwili kila mara unapomwomba viwili, siyo kwa bahati, hapo sasa niambie ametangulia, nami nitakubali. Akikumwagia vyote vitano akicheka, yuko pale hasa anapotakiwa kuwa.

Herufi ni vivyo hivyo. Watoto wengi siku hizi hujifunza kuziimba kutoka kwenye video za simu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya simu au televisheni kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Simu haimngoji mtoto ajibu, wala haimwulizi, "Na wewe umeona nini?" Mtu ndiye anayeuliza.

Akili tunayoijua sisi

Huenda unasema vipimo hivi vyote vimetoka mbali. Si vyote. Kule Kilifi, kwa mfano, wataalamu wakiongozwa na Amina Abubakar walitengeneza kipimo cha maendeleo ya watoto wadogo, kinachotumia vitu ambavyo mtoto wa kijijini anavijua, na wakakichapisha mwaka 2008. Na mwaka 2001 watafiti, Elena Grigorenko na Robert Sternberg miongoni mwao, walichapisha utafiti uliofanyika katika kijiji cha Waluo kuhusu watu wanavyosema mtoto ana akili. Walitajiwa maneno manne unayoyajua wewe. Rieko, yaani maarifa na ujuzi. Luoro, heshima. Winjo, kuelewa na kusikia la kufanya. Paro, kufikiri na kuanzisha jambo mwenyewe. Shule hupima sehemu ya rieko tu. Matatu yaliyobaki unayaona nyumbani.

Basi mtazame mtoto wako mdogo kwa macho hayo. Mpira ukiingia chini ya kitanda, je, anatafuta fimbo ya kuutolea? Hiyo ni paro. Akiona mtoto mwenzake analia, je, anamletea kitu? Akikuona unachukua ndoo, je, anakwenda kuchukua mtungi wake mdogo? Anaigiza kupika, anamlisha mwanasesere wa gunzi, anazungumza naye? Mchezo wa kuigiza huonekana karibu na umri wa miaka miwili, na ukiniuliza mimi, nitauona kuwa wa thamani kuliko namba ishirini za Kiingereza.

Je, anaweza kuwa ametangulia kweli? Ndiyo, wapo. Ni mtoto anayefanya mambo ya umri wa mbele katika sehemu nyingi kwa pamoja: anaelewa, anauliza maswali yasiyoisha, anakumbuka njia ya kwenda kwa shangazi baada ya kwenda mara moja, anatatua shida kwa namna yake. Lakini hata huyo, vipimo vya kabla ya miaka mitatu hubashiri kidogo sana atakavyokuwa akiwa na miaka kumi. Wengine husonga mbele, wengine hufikiwa na wenzao. Usimpe jina la "profesa" kijiji kizima kikasikia, kwa sababu siku akishindwa jambo ataogopa kujaribu tena.

Kosa langu

Nitakueleza kwa nini nasisitiza mambo haya. Miaka mingi iliyopita, nikiwa nesi kijana katika zahanati moja ambayo sitaitaja, mama mmoja aliniletea mtoto wa kiume wa miaka miwili. Alikuja kwa ajili ya homa, lakini akiwa mlangoni anaondoka akasema, "Sista, huyu bado hasemi." Nilimtazama mtoto. Alikuwa msafi, mtulivu, macho makali. Nilipochukua kipimajoto alifungua kwapa mwenyewe. Mama akaniambia nyumbani humwita mwerevu, kwa maana hahitaji kuambiwa: akiona watu wanavaa viatu na yeye anavaa, akiona baba anatoka anamletea kofia. Nikamwambia mama, "Wavulana huchelewa, usijali, ataongea."

Walirudi akiwa na miaka minne. Hakuwa anasikia. Alikuwa ametoka usaha masikioni mara nyingi akiwa mchanga, na aliwahi kulazwa na malaria kali. Hatukujua ni lipi lililosababisha. Yule mtoto alikuwa mwerevu kweli, na akili yake ndiyo iliyotuficha uziwi wake. Alikuwa anasoma nyuso zetu na mikono yetu vizuri hata tukadhani anasikia. Baadaye alipelekwa shule ya viziwi akajifunza lugha ya ishara haraka mno. Lakini miaka miwili ilikuwa imepita bila lugha yoyote, na ile ndiyo miaka ambayo lugha hushika.

Kwa hiyo, mtoto ambaye hasemi mpime kusikia. Usipige sufuria nyuma yake, kwa sababu hata kiziwi huhisi mtikisiko wa sakafu na upepo, naye atageuka. Simama nyuma yake asikuone, mwite kwa sauti ya chini, au kunja polepole karatasi ya biskuti. Rudia siku nyingine. Ukiwa na shaka, nenda hospitali ya kaunti uombe kipimo cha masikio. Na mambo yakithibitika, shule za viziwi zipo kwetu, Kuja karibu na Rongo na Lambwe upande wa Homa Bay.

Lipo pia lile lingine. Mtoto anaimba matangazo yote ya redio neno kwa neno, anajua namba zote za matatu, lakini akiitwa jina hageuki. Hanyoshi kidole kukuonyesha ndege angani. Hakuletei kitu ili mfurahi pamoja. Huchezesha kifuniko kimoja siku nzima. Watu husema ni fundi wa kesho, na huenda akawa fundi. Lakini mtoto wa namna hiyo anahitaji kuonwa na mtaalamu mapema, akiwa na mwaka mmoja na nusu au miwili, wala siyo baada ya kushindwa shule.

Usingoje kabisa kama mtoto hakai mwenyewe akipita miezi tisa, kama hatembei akifikisha miezi 18, kama hanyoshi kidole wala hasemi neno lolote katika umri huo, au kama haunganishi maneno mawili akivuka miaka miwili na nusu. Na la haraka kuliko yote: mtoto aliyekuwa anajua jambo akalipoteza. Alikuwa anatembea, sasa anaanguka. Alikuwa anaongea, sasa kimya. Kwetu hili hutokea baada ya malaria ya kichwani iliyoleta degedege. Mtoto ametoka hospitalini, kila mtu anamshukuru Mungu kwamba yuko hai, na hakuna anayeuliza kama maneno yake yamerudi. Uliza wewe.

Kabla ya kumwita mtoto mzito wa akili, mtazame pia kiganja na ndani ya kope. Kama ni weupe, huenda amepungukiwa damu, na mtoto aliyepungukiwa damu hachezi, hachunguzi, hujikalia tu. Mpeleke apimwe, apate dawa ya minyoo ambayo hutolewa kila miezi sita baada ya mwaka mmoja, na apate omena, mboga za majani na mayai inapowezekana.

Kwenda kliniki

Wengi wetu tukimaliza chanjo ya miezi tisa tunaweka kijitabu ndani ya sanduku. Hapo tunakosea. Chanjo ya pili ya surua ni ya miezi 18. Vitamini A hutolewa kila miezi sita mpaka miaka mitano. Na chanjo ya malaria, ambayo Kenya iliizindua hapa kwetu Homa Bay mwezi Septemba mwaka 2019, ilipangwa kwa dozi za miezi 6, 7 na 9, na ya nne miezi 24. Muulize nesi tarehe iliyoandikwa kwa mtoto wako. Safari hizo ndizo nafasi ya kuuliza juu ya akili na maongezi. Kijitabu cha mama na mtoto kina ukurasa wa hatua za ukuaji, na mara nyingi nauona mweupe, haujaandikwa kitu. Fungua ukurasa huo mwenyewe, umwekee nesi mbele yake. Nesi ana foleni ndefu, nami nilikuwa hivyo, lakini ukurasa ukiwa wazi hawezi kuuruka. Ikiwa kliniki ni mbali, anza na mhamasishaji wa afya ya jamii, yule ambaye wengi bado tunamwita nyamrerwa. Kwa shida za kujifunza, uliza pia ofisi ya elimu kuhusu kituo cha EARC. Vituo hivyo vilianza nchini mwaka 1984 na kazi yake ni kuwatathmini watoto.

Mama wa Oyugis, nilikuacha mwisho. Je, umpeleke shule sasa? Mpango wa elimu wa Kenya unamtarajia mtoto aanze darasa la kwanza la awali akiwa na miaka minne. Wako ana miaka miwili. Kumkalisha dawatini na penseli, halafu apewe kazi ya nyumbani na nambari ya mtihani, hakutamwongezea akili, na kunaweza kumfanya aichukie shule kabla haijaanza. Kama unahitaji mahali pa kumwacha ukienda sokoni, hilo ni jambo jingine. Tafuta mahali watoto wanacheza, wanaimbiwa, wanalala, na kuna mtu mzima anayewajibu.

Nyumbani fanya hivi tu. Unapochambua omena, mpe sufuria mbili atenganishe kubwa na ndogo. Unapoanua nguo, mwulize hii ni ya nani. Akisema "gari", wewe sema "ndiyo, gari jekundu linakwenda Homa Bay." Akikuuliza "hii nini" kwa mara ya kumi, mjibu mara ya kumi. Na baba naye, akirudi jioni, akae chini na vijiko vyake vitano.

Tukutane kipindi kijacho, ambapo tutazungumza juu ya masikio yanayotoka usaha, na kwa nini usitie mafuta ya kupikia ndani yake. Kwaheri kwa sasa.